HONGO: NENO LILILOPOTEA NJIANI

Mwulize kijana yeyote wa mjini maana ya neno "hongo". Hata hatafikiri. Atakwambia ni ile noti inayokunjwa na kuingia kiganjani bila mtu wa tatu kuona. Hongo ni rushwa, basi, habari imekwisha. Kamusi zinakubaliana naye, mahakama nazo vilevile.

Lakini ndugu msomaji, neno nalo lina safari yake kama mtu. Katika karne ya 19, kwenye njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Tabora na kuishia Ujiji, hongo lilikuwa jambo la mchana kweupe. Mtemi alikaa na wazee wake, mkuu wa msafara akaleta nguo zake, zikahesabiwa doti baada ya doti. Watu walibishana, wakapandishiana bei, wakashushiana, mwisho wakaafikiana na njia ikafunguliwa. Msafara uliofuata nyuma uliulizia kwanza: wenzetu wametoa kiasi gani?

Sasa ilikuwaje neno la mchana likawa neno la gizani? Mimi naona jibu limo katika jambo ambalo sisi wa mijini tunadhani limezaliwa juzi pamoja na magari. Jambo lenyewe ni foleni.

MASIKA NA KIANGAZI

Kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ni kama kilomita 1,200. Tabora ipo katikati, nayo ilikuwa njia panda ya bara zima. Njia moja ilikwenda magharibi mpaka Ziwa Tanganyika, nyingine kaskazini mpaka Karagwe na Buganda, nyingine kusini-magharibi kuelekea Ufipa na Katanga. Waarabu walipaita Kazeh, na nchi yenyewe ilikuwa Unyanyembe ya Wanyamwezi. Richard Burton na John Speke waliondoka pwani mwishoni mwa Juni 1857, wakaingia Kazeh tarehe 7 Novemba. Hiyo ni siku 134, kwa mwendo ambao leo basi linaumaliza ndani ya siku moja. Usidhani siku zote hizo walikuwa wanatembea. Nyingi zilikwenda katika kusubiri: wapagazi wapatikane, wagonjwa wapate nafuu, hongo ikubalike.

Wapagazi wenyewe wengi walikuwa Wanyamwezi, watu huru waliofanya kazi kwa ujira, kila mmoja na mzigo wake wa frasila mbili hivi, kama kilo 32, begani au kichwani. Pembe za ndovu zilishuka pwani. Nguo za merikani na kaniki, shanga, waya na baruti zilipanda bara. Tusifiche pia kwamba njia hiyohiyo ilipitisha watumwa, watu ambao hawakuulizwa kama wanataka kusafiri, seuze njia ipi.

Mnyamwezi mpagazi alikuwa mkulima kwanza. Alishuka pwani baada ya mavuno, na alitaka awe amerudi shambani kwake mvua zikianza. Kwa hiyo misafara mingi ilijikuta njiani katika miezi ileile ya kiangazi. Hebu fikiri: watu wanakuwa wengi njiani wakati uleule maji yanapokuwa haba. Sisi tuna foleni ya saa moja asubuhi na ya saa kumi na moja jioni. Wao saa yao ya foleni ilidumu miezi.

Foleni hiyo ilikuwa mahali gani, maana pori lilikuwa pana na njia ya mguu haizibwi na miguu? Ilikuwa kisimani. Kabla ya kuingia Ugogo lilikuwapo jangwa la Marenga Mkali, na jina lenyewe ni onyo juu ya maji yake. Ukitoka Ugogo kwenda Tabora unaikuta Mgunda Mkali, pori refu lenye maji ya kubahatisha. Huko wapagazi walifanya terekeza: kuondoka mchana jua kali, kutembea mpaka usiku, kulala bila maji, na kuamka alfajiri kuyatafuta. Kisima cha mchangani nacho hakina haraka. Kata inajaa polepole. Msafara wa kwanza unakunywa maji, wa pili unakunywa tope, wa tatu unakaa chini na kungoja ardhi itoe tena jasho.

Henry Stanley alilijua tatizo hili. Mwaka 1871 aliigawa safari yake mafungu matano, la kwanza likaondoka Bagamoyo tarehe 18 Februari na la mwisho tarehe 21 Machi. Mpango mzuri. Lakini alipofika Marenga Mkali ilimbidi aungane na misafara mingine, wakawa watu zaidi ya 400, kwa sababu ya hofu ya kushambuliwa. Ndiyo kasheshe ya njia ile: usalama ulikutaka uwe na wengi, kisima kilikutaka uwe na wachache.

MISAFARA THELATHINI

Hapa naomba tufanye hesabu kidogo. Msinikimbie, ni ya kujumlisha tu, na mfano ni wa kubuni.

Tuseme kutoka Tabora kwenda ziwani kuna njia mbili. Ndefu inazunguka, ina maji tele, na inachukua siku 30 hata wapite wangapi. Fupi inakwenda moja kwa moja lakini visima vyake ni vichache, kiasi kwamba kila msafara unaoiingia unaongeza siku moja ya kusubiri kwa wote. Ikipitwa na misafara 5, ni siku 5. Ikipitwa na 20, ni siku 20. Msimu huu iko misafara 30.

Kila mkuu wa msafara anajiuliza mwenyewe: nishike ipi? Njia ndefu ni siku 30, hilo halina ubishi. Fupi haiwezi kuzidi 30, na huenda ikapungua. Nani atashika ndefu? Hakuna. Wote 30 wanaingia njia fupi, na kila mmoja anatumia siku 30 zilezile alizokuwa anazikimbia. Jumla ni siku 900 za msafara.

Sasa wagawanyike nusu kwa nusu. Misafara 15 njia fupi, siku 15 kila mmoja, jumla 225. Misafara 15 njia ndefu, siku 30 kila mmoja, jumla 450. Ukijumlisha unapata 675. Siku 225 zimeokolewa na hakuna aliyechelewa zaidi ya zamani. Lakini nani atakayekubali kuwa katika wale 15 wa njia ndefu, huku akiwaona wenzake wakipita njia ya mkato? Kila mmoja ana akili timamu, na wote kwa pamoja wanafanya ujinga.

Mwingereza Arthur Pigou aliandika juu ya njia mbili za namna hii mwaka 1920. Mwaka 1952 mwenzake John Wardrop akaipa jambo hili kanuni: madereva watahamahama mpaka njia zote zinazotumika zichukue muda sawa, na hapo hakuna tena anayefaidika kwa kuhama. Angalia dereva wa teksi wa Dar es Salaam anavyokata vichochoro. Jana kilikuwa kitupu, leo kila mwenye simu ya ramani ameoneshwa kichochoro kilekile. Faida imekwisha. Misafara haikuwa na simu, ila ilikuwa na habari za njia. Wanaopanda walipokutana na wanaoshuka, waliulizana kwanza maji yako wapi na nani anataka nini. Habari nzuri ya njia ikienea, njia yenyewe inaharibika.

Dawa ya Pigou ilikuwa kutoza. Weka malipo kwenye njia fupi, malipo ya thamani ya siku 15 za msafara. Basi njia fupi inakuwa siku 15 za kutembea na siku 15 za kulipa, ambazo ni 30, sawa na njia ndefu. Watagawanyika wenyewe, bila askari wala fimbo.

Na malipo ya kupita njia, kwa Kiswahili cha wakati ule, yaliitwaje? Hongo.

BEI YA MAJI

Vitabu vya wasafiri wa Kizungu vimejaa malalamiko juu ya hongo ya Ugogo. Eti Wagogo ni wanyang'anyi, eti watemi wao wana tamaa isiyo na mwisho. Magomba wa Kanyenye analaumiwa na Burton, na miaka mingi baadaye analaumiwa tena na Stanley. Na sisi tuliosoma historia yetu kupitia vitabu hivyo tumemeza lawama nzima nzima.

Hebu ligeuze jambo. Wewe ni Mgogo. Nchi yako ni kavu, una ng'ombe wako na mtama wako, na kisima mmekichimba kwa mikono yenu. Kila kiangazi wanapita mamia ya watu wasio wako, wanataka maji, wanataka nafaka, wanataka kuni. Wakimaliza kisima wanakwenda zao, nawe unabaki hapo na ng'ombe wenye kiu. Utawaacha wapite bure? Aliyeketi penye kisima alikuwa anauza kitu cha haba kwa watu wengi. Huo ni unyang'anyi wa aina gani?

Tena bei ile ilifanya kazi yake. Wasafiri walewale waliolalamika wanasimulia jinsi viongozi wa misafara walivyosimama Ugogo wakibishana njia ipi ishikwe, na katika ubishi huo mizani ilikuwa maji upande mmoja na hongo upande wa pili. Wapagazi nao walikuwa na sauti. Wakiona njia iliyochaguliwa ni ya mateso, walitua mizigo chini, na wakizidiwa walitoroka. Tajiri alilipa hongo kwa nguo, lakini mpagazi ndiye aliyelipa kusubiri kwa tumbo lake, maana msafara ukikwama posho hupunguzwa.

Sasa turudi kwenye ile hesabu yetu, kwa sababu kuna kitu nimekiruka makusudi. Baada ya kutoza, siku 225 zimeokolewa. Zimekwenda wapi? Aliyeshika njia ndefu ametumia 30 kama kawaida. Aliyeshika njia fupi ametembea 15 na kulipa za 15, napo ni 30. Hakuna msafiri hata mmoja aliyepata nafuu! Misafara 15 mara siku 15 za malipo ni 225. Faida nzima imo mkononi mwa aliyetoza. Akichimba kisima kingine, njia inapanuka na msimu ujao kila mtu anapona. Akizihifadhi nguo sandukuni, msafiri hana alichopata.

Hapo ndipo ugomvi wote wa Tabora ulipoanzia.

NANI ATOZE?

Mtemi Fundikira wa Unyanyembe alifariki mwaka 1858, na mrithi wake, Mnywa Sere, akataka bidhaa za Waarabu zilipiwe ushuru. Waarabu walikuwa wamezoea kukaa Tabora kwa masharti laini. Wakamfukuza, wakamweka Mkasiwa. Mnywa Sere akaingia porini na kuivuruga njia kwa miaka kadhaa, mpaka alipouawa mwaka 1865. Vita nzima, misafara imekwama, watu wamekufa, na kiini ni nani ana haki ya kuitoza njia.

Waliomshinda hawakupumua sana. Magharibi ya Tabora aliinuka Mirambo wa Urambo, na nchi yake ilikuwa imekaa juu kabisa ya njia ya Ujiji. Stanley anasimulia kwamba mwaka 1871 Mirambo aliuzuia msafara wa Waarabu, akataka mapipa 5 ya baruti, bunduki 5 na marobota 5 ya nguo. Alipopewa, aliwaambia warudi walikotoka, na kwamba tangu siku hiyo hakuna Mwarabu atakayepita. Waarabu wakaenda kumpiga. Wakashinda kwanza, wakabeba mateka na pembe, na wakiwa njiani kurudi na furaha yao Mirambo akawavizia. Muda si mrefu akaishambulia Tabora yenyewe na kuichoma sehemu.

Njia kuu ikafungwa. Stanley, aliyekuwa anamtafuta Livingstone, akafanya anachofanya dereva yeyote akikuta barabara imezibwa: akazunguka. Aliondoka Kwihara tarehe 20 Septemba, akashuka kusini kupitia Ugunda na Ukonongo, kisha akapanda tena kaskazini mpaka mto Malagarasi. Huko Uha akakutana na hongo moja juu ya nyingine. Alipoona nguo zitamwishia akamtafuta mtu wa kumwongoza, wakatoroka usiku kimyakimya porini, mbali na vijiji. Sisi leo tunaziita njia za panya. Kwa hesabu yake mwenyewe aliingia Ujiji tarehe 10 Novemba, siku 51 toka alipoondoka. Na wakati wa kurudi, yeye na Livingstone waliondoka Ujiji tarehe 27 Desemba kwa mitumbwi, wakashuka na ziwa kusini kwanza, ili Uha na Uvinza wazipite kando. Walifika Kwihara tarehe 18 Februari 1872.

Hebu itazame safari hiyo kwa jicho la hongo. Katika Ugogo hongo ilikuwa ghali lakini ukishalipa unapita. Kwa Mirambo mwaka ule, msafara ulilipa na bado haukupita. Huko Uha, ulilipa kijiji hiki, ukaambiwa ulipe tena cha mbele. Malipo yasiyofungua njia ndiyo yanayomfundisha mtu kupita usiku. Naamini neno lilianza kuingia giza hapohapo.

RELI NA TIKETI

Mirambo alifariki Desemba 1884. Katika miaka yake ya mwisho njia ilipitika na yeye akafanya biashara na wamisionari na wafanyabiashara. Mtemi Isike wa Unyanyembe aliwakabili Wajerumani, na boma lake lilipovunjwa Januari 1893 alijilipua kwa baruti kuliko kushikwa. Watawala wapya hawakutaka mtemi yeyote akae njiani na kudai chake. Lakini msidhani kutoza kulikoma. Mwaka 1898 ikaanza kodi ya nyumba: sasa hata asiyesafiri analipa, na anayelipwa yuko mbali na kisima.

Kisha ikaja reli. Ilianza Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Kwa sehemu kubwa iliufuata mkondo wa misafara. Lakini haikuanzia Bagamoyo wala kuishia Ujiji, na miji hiyo miwili mikubwa ya njia ya kale ikabaki kando, Ujiji ikiachwa kilomita chache tu kutoka Kigoma. Mpagazi akakosa kazi. Mkuu wa msafara naye hakuwa tena na njia ya kuchagua: reli ni moja, na bei imeandikwa kwenye tiketi.

Hivyo neno hongo likabaki bila ajira. Kitu kilicholipwa mchana kikapewa majina mengine: nauli, ushuru, kodi, na leo tozo. Jina la zamani likaachiwa malipo ya pembeni tu, yale ambayo hayana tiketi.

TUULIZE KISIMA

Leo malori ya Rwanda hayapiti Tabora mjini. Yanatoka Dar es Salaam, Dodoma, Singida, Nzega, Isaka, mpaka Rusumo. Njiani kuna mizani, na madereva wanapeana habari za mbele kama mababu zao. Mwaka 2006 njia ya kale iliingizwa katika orodha ya kusubiri ya urithi wa dunia ya UNESCO, Kwihara ikiwa mojawapo ya vituo vyake. Miembe ya Tabora ipo, hesabu ya misafara thelathini nayo ipo palepale.

Dawa ya Pigou imekwisha kujaribiwa. Singapore ilianza kuyatoza magari yanayoingia katikati ya mji mwaka 1975, London ikafuata mwaka 2003. Hapa kwetu, Daraja la Kigamboni lilipofunguliwa mwaka 2016 magari yalianza kulipia kupita, na ubishi wa wananchi ukawa uleule wa Kanyenye: kiasi gani, na kwa nini. Barabara za juu zilijengwa Tazara mwaka 2018 na Ubungo mwaka 2021. Muulize konda yeyote wa daladala: atakwambia foleni haikufa, ilisogea mbele kidogo. Haishangazi. Njia ikinyooka, kila mtu anaijia.

Siku moja patatokea mtu wa kusema na sisi tutozwe kuingia Posta au Kariakoo saa za asubuhi. Akitokea, msikimbilie kupiga makofi wala kuzomea. Muulizeni swali moja ambalo Mgogo, Mwarabu na mpagazi wote wangelielewa: malipo haya yatarudi kisimani? Yatakuwa basi la ziada kwa yule wa Mbagala na Gongo la Mboto asiye na gari, ambaye ndiye mpagazi wetu, analipa foleni kwa miguu na kwa usingizi wake? Yakirudi, ni bei halali ya kitu cha haba, na tuihesabu mchana kweupe, doti kwa doti. Yasiporudi, tunayo maana ya pili ya hongo tayari, na kila kijana wa mjini anaijua.